Ushauri: nameneji bendi ya roki Dar, nikope ninunue vyombo?

Wakuu, habari za jioni.

Nina vijana wanne, wanapiga roki. Mazoezi tunafanya Sinza, mpaka majirani wagonge geti. Onyesho likipatikana tunakodi drams, ampu na spika, na hela ya mlangoni karibu yote inaishia kwa mwenye vyombo na dereva wa kirikuu.

Sasa kuna baa Masaki inataka bendi kila Ijumaa, malipo ya uhakika, ila tupige kopi, yaani nyimbo za watu wengine, na twende na vyombo vyetu. Mwimbaji kopi hataki hata kuzisikia. Nawaza kukopa kazini. Mke wangu anasema nimerogwa. Na asilimia yangu niikate vipi?

Mzee wa Dansi: Kijana, mjini hapa mwenye vyombo ndiye mwenye bendi, na bado halali usingizi. Bendi ya dansi ya Mlimani Park ilikuwa na shirika zima nyuma yake, DDC, lakini mwaka 1985 mwimbaji wake Gurumo na wenzake wakachukuliwa na bendi ya Safari Sound. Vyombo vikabaki, sauti zikaondoka.

Chapa Besi: Mzee unamtisha bure. Hao wa roki watahamia wapi, bendi zenyewe ziko ngapi? 😂

Mzee wa Dansi: Sunburst walipiga roki Dar hii hii miaka ya 1970, wewe hujazaliwa.

Dada Mahesabu: Mkuu, drams endelea kukodi. Nunua vinavyoingia kwenye Bajaji: maiki, nyaya, stendi. Ukinunua chochote, andikeni ni cha nani na bendi ikivunjika kinakwenda wapi.

Asilimia, mameneja wengi hukata 15 hadi 20. Kasheshe ni unakata kabla au baada ya gharama. Tuseme mlangoni laki sita, vyombo na kirikuu laki nne. Ukikata 20 kwenye laki sita unaondoka na 120,000, vijana wanne wanagawana 80,000. Wiki ya pili wanakuita mwizi. Ukikata baada ya gharama unapata 40,000, na kila kijana 40,000. Hapo mtaongea vizuri.

Bendi isajilini BASATA, baraza la sanaa. Nyimbo COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa majina ya waliotunga, wewe usijichomeke.

Chapa Besi: Kopi seti mbili, ya tatu pigeni zenu. Saa sita usiku nani anauliza?

Mleta uzi: Shukrani wakuu. Mwimbaji kakubali seti mbili, sharti kopi achague yeye. Mkopo nauweka kando. Kesho namfuata mwenye baa, gharama ya kukodi vyombo aibebe yeye.

Dada Mahesabu: Akigoma, nenda kwa huyo mnayemkodi, umwombe bei ya mwezi mzima. Kila Ijumaa ni kazi ya uhakika kwake pia, atashuka. Na advansi uidai, hata nusu. Wakikwambia mtalipwa baa ikifunga hesabu, kataa.