Mtoto ana mguu kifundo: P.O.P (bandeji ngumu ya jasi), upasuaji au kumkanda tu?

Mama Zuu: Wapendwa, nina kichanga wa kiume ana wiki tatu, miguu yote miwili imegeukia ndani nyayo zinatazamana. Bibi yake anasema nimkande na mafuta ya nazi itanyooka, wifi anasema nisubiri akue apasuliwe, nesi kasema P.O.P. Nimsikilize nani jamani?

Baba Junia: Hongera dada, msikilize nesi. Wa kwangu tulianza mapema, kila wiki P.O.P inatolewa, mguu unasogezwa kidogo, inafungwa nyingine kuanzia vidoleni mpaka pajani goti likiwa limekunjwa. Kawaida zinaenda tano mpaka saba, halafu watoto wengi wanakatwa kano ya kisigino kwa ganzi ya hapohapo, inafungwa P.O.P ya mwisho wiki tatu. Kama uko Dar nenda hospitali ya CCBRT.

Fizio_Moro: Mama Zuu, usukume mguu taratibu. Ukirudi sawa kirahisi ni mkao wa tumboni tu, huo hata kukanda unanyooka. Kifundo chenyewe ni kigumu, mafuta hayatakiweza. Wafaransa wana njia yao ya kunyoosha kwa mazoezi na plasta za kubandika, ila ni kila siku na mtaalamu kwa miezi, hapa kwetu nauli tu itakumaliza. Upasuaji mkubwa ndo ulikuwa unafanywa sana zamani, shida yake makovu yanakakamaza mguu na ukubwani unauma, ndo maana dunia nzima imehamia njia ya Dk. Ponseti wa Iowa, Marekani, hizo P.O.P za kila wiki.

Mama Zuu: Asanteni. Na viatu vya chuma nesi alivyotaja?

Kipepeo: Hapo ndo kazi ilipo mdogo wangu!! Viatu viwili vimeunganishwa na chuma, anavaa P.O.P zikiisha, saa 23 kwa siku miezi mitatu ya mwanzo, baadaye akilala tu mpaka afike miaka minne hivi. Wazazi wengi wanaona mguu umenyooka wanavivua, unarudi kupinda. Hakikisha kisigino kimekaa chini kabisa ndo ufunge mikanda, na akilia usiku wa kwanza usivue moja kwa moja, kagua ngozi kwanza.

Fizio_Moro: Na kwenye P.O.P angalia vidole kila siku. Vikiwa vya baridi, vimebadilika rangi au vimezama ndani, rudi hospitali siku hiyohiyo, usisubiri kliniki.