Uzuri wa nyumbani na uaminifu wa Mungu: tuuelezeje katika jumuiya?

Mama wa Chumbageni

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Nimepewa zamu ya kuongoza tafakari ya jumuiya yetu hapa Tanga, na somo nililopangiwa ni Maombolezo 3:22–23, pale mwandishi anaposema kwamba rehema za Bwana ni mpya kila siku asubuhi na kwamba uaminifu wake ni mkuu. Nia yangu ni kuwaelekeza wenzangu kwenye yale tunayoyaona kila siku bila kusafiri kwenda popote: safu ya Usambara inayojitokeza upande wa magharibi mvua ikishasafisha anga, upepo wa bahari unaoingia dirishani alasiri, na mkungu wa uani kwetu, ambao majani yake huiva yakawa mekundu kabla ya kupukutika, hata mtu anayefagia asubuhi hujikuta amesimama na ufagio mkononi akitazama jani moja ambalo nusu yake bado ni kijani.

Linalonitatiza ni kwamba uzuri ni jambo moja na uaminifu ni jambo jingine. Ua la leo kesho limenyauka. Hata binadamu anaweza kuwa mzuri wa sura na asiaminike kwa shilingi mia, na sote tunawajua wa namna hiyo. Nitasemaje kwamba jani la mkungu linashuhudia uaminifu wa Mungu, bila kuonekana ninapamba maneno tu? Na yupo ndugu mmoja ambaye mvua za vuli zilimtupa na mahindi yake yakakaukia shambani. Yeye nimwambie atazame nini?

Mwalimu Mstaafu, Muheza

Mama, nakushauri uanze na kitabu chenyewe, kwa sababu maneno hayo hayakuandikwa bustanini. Yanatokana na maangamizi ya Yerusalemu, Wababeli walipouteketeza mji pamoja na hekalu katika karne ya 6 kabla ya Kristo, na sura inayotangulia imejaa njaa, watoto wanaozimia njiani na malango yaliyozama ardhini. Kwa hiyo huyo ndugu wa mahindi asiachwe pembeni akisubiri wengine wamalize kufurahia maua. Katika jumuiya yenu yote, yeye ndiye aliye karibu zaidi na mwandishi.

Kuhusu uzuri na uaminifu, mimi naona uaminifu haujulikani kwa kitu kuonekana kizuri mara moja, bali kwa kurudi kwake katika majira yake. Mwanzo 8:22 inataja kaskazi na kusi miongoni mwa mambo ambayo Mungu aliahidi hayatakoma muda wote nchi idumupo, na sisi watu wa pwani hatuhitaji kufafanuliwa ahadi hiyo. Kwa karne nyingi majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yalishuka kwetu na upepo wa kaskazi na kurejea makwao na kusi, na wenye vyombo waliweka mali na roho zao rehani wakijua kwamba upepo utageuka. Kwa hiyo, ukifika kwenye mkungu wako, usiishie kuwaambia watu watazame lilivyo jekundu. Waulize ni nani anayeukumbusha mti msimu wake.

Ongeza na ua letu la zambarau, lile dogo linaloota kwenye miamba yenye kivuli katika misitu ya Usambara. Mtawala wa Kijerumani wa hapa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la kitaalamu la Saintpaulia. Leo linapandwa katika vyungu madirishani huko Ulaya, na Wajerumani bado huliita kwa jina la Usambara. Kabla ya hapo lilikuwa likichanua msituni, apite mtu au asipite.

Mvuvi wa Sahare

Shikamoo Mwalimu. Nimeyapenda maelezo yako, lakini tafadhali msiwaambie watu kwamba bahari ni rafiki. Upepo wa kusi unapochachamaa, vyombo vidogo hubaki pwani, na watoto nyumbani wanataka kula vilevile. Ninachoweza kukishuhudia mimi ni kwamba maji hayajawahi kutudanganya: hujaa na kupwa mara mbili kwa usiku na mchana, kila siku yakichelewa kwa takriban dakika 50, na kila mwezi ukiandama au ukipevuka huja bamvua, ambapo miamba huachwa wazi na wachokoaji wa pweza wakashuka na vijiti vyao. Maji yanaahidi kwamba mwamba utaonekana. Kama pweza yumo au hayumo, hilo hayakuliahidi, na nadhani yule ndugu wa mahindi ataelewa ninachosema kuliko sisi sote.

Bi wa Ngamiani

Assalaam alaykum. Mimi ni Mwislamu, lakini kwa kuwa mazungumzo ni ya majirani naomba nami nichangie. Katika Surat Yasin, aya ya 39, Mwenyezi Mungu anasema kwamba mwezi ameupimia vituo mpaka ukarudi kuwa kama karara kongwe, na aliyekulia chini ya minazi anajua jinsi karara lililokauka linavyopinda na kuwa jembamba.

Mimi kazi yangu ni kutunga asumini za maharusi. Matumba huchumwa alasiri yakiwa yamefumba kabisa, meupe, yenye wekundu kidogo kwenye kikonyo, nami huyapitisha uzi mmoja mmoja. Ikishaingia magharibi hufumbuka yenyewe, ingawa yameshakatwa kwenye mti na yamo ndani ya chumba, na harufu hujaa nyumba nzima. Mama, kama mnakutana jioni, mpe kila mtu tumba moja mkononi mnapoanza, na usiwaeleze sababu.

Mama wa Chumbageni

Nawashukuru sana. Bi, wa alaykum salaam. Ushauri wako nitautumia siku nyingine, kwa kuwa maneno ya kaka wa Sahare yamenifanya nibadili mpango mzima. Nitaiomba jumuiya tukutane ufukweni wakati wa bamvua, na yule ndugu nitamwomba asome aya hizo yeye mwenyewe, akikubali. Kaka, maji hutoka saa ngapi siku hizo?

Mvuvi wa Sahare

Kwa kawaida ni saa nne hadi saa tano asubuhi, mama, mwezi ukishaandama. Waambie waje na viatu, maana miamba inakata, na msikae sana huko mbele: yakianza kurudi hayamsubiri mtu.