Atomi zimelingana pande zote lakini naambiwa ikwesheni haijabalansi, kivipi?

dogo_pcb: Wakuu habari za usiku, nipo form five naombeni msaada. Ile taitresheni (kupima kiasi cha kitu kwa kukidondoshea kingine mpaka riaksheni iishe) ya pamanganeti, yaani MnO4⁻, na chuma nimeandika hivi:

MnO4⁻ + Fe²⁺ + 8H⁺ → Mn²⁺ + Fe³⁺ + 4H2O

Manganizi moja moja, chuma moja moja, oksijeni nne nne, haidrojeni nane nane, kila kitu sawa halafu ticha kapiga X bila maelezo. Kosa liko wapi jamani?

mzee_wa_maabara: Atomi uko vizuri, chaji ndo hujaziangalia. Kushoto una -1, +2 na +8, jumla +9. Kulia +2 na +3, maji hayana kitu, jumla +5. Sasa hizo elektroni nne za kuishusha zimetoka wapi? Namba ya oksidisheni ya manganizi inashuka toka +7 hadi +2 kwahiyo inadai elektroni tano, na chuma kimoja kinatoa moja tu, so weka 5Fe²⁺ na 5Fe³⁺ uone, inakuja +17 huku na +17 kule.

binti_kemia: Na usidharau hiyo 5 maana kwenye kukokotoa ndo inakuua, ukitumia uwiano wa 1:1 badala ya 1:5 mkusanyiko wa chuma unatoka mdogo mara tano na hata burete yako (ule mrija wa kupimia ujazo) ungesoma vizuri namna gani haikusaidii. Tatizo form two tunazoeshwa H2 na O2 ambazo hazina chaji, mtu anajua kuhesabu atomi ndo basi.

mzee_wa_maabara: Kweli kabisa. Ila hata atomi na chaji zikilingana bado usishangilie, cheki hii:

2MnO4⁻ + 7H2O2 + 6H⁺ → 2Mn²⁺ + 6O2 + 10H2O

Hesabu utakavyo, inalingana. Lakini siyo yenyewe, ya kweli ni 5H2O2, 5O2 na 8H2O.

dogo_pcb: Duh, ya chaji nimeielewa asanteni sana. Sasa hiyo ya 7 nimehesabu kweli inalingana, uongo wake uko wapi?

mzee_wa_maabara: Fuata elektroni tu. Manganizi mbili zinadai kumi, kila H2O2 inayogeuka O2 inatoa mbili, kwahiyo H2O2 tano zinatosha. Hizo H2O2 mbili za ziada zinajivunja zenyewe kuwa maji na oksijeni, ni riaksheni nyingine kabisa imebebwa humo.