Uliyelea mtoto wa mwenzio akapata saratani akapona, tupeane uzoefu

Assalaam alaykum. Mie nipo Wete, nnamlea mtoto wa marehemu shoga yangu tokea ana miaka miwili. Alipofika sita akawa jino linamuuma, kumtazama mdomoni magego yanacheza na shavu limeanza kutuna, tukapewa dawa za jipu la jino, wiki ya pili uvimbe ushafika chini ya jicho yaani ukilala ukiamka umezidi. Tukavuka Unguja, kisha Dar, Muhimbili wakamkata kijinyama cha kupima wakasema saratani ya Burkitt, ndo ipo sana huku kwetu kwenye malaria, inakua mbio ila na dawa inasikia mbio. Wallahi dripu ya kwanza, hata wiki haijesha shavu limenywea, akaniomba urojo.

Kilichoniumiza ni lile swali kila fomu ya kusaini, wewe nani wake? Si mamake, si shangazi. Ikabidi kaka yangu arudi Pemba kwa sheha kufata barua na mtoto kalala anangojea. Mwenye mtoto wa kulea, barua na cheti cha kuzaliwa weka mapema jamani. Saa hizi ana kumi. Nyie ilikuwaje?

Baba wa Makunduchi: Pole bi mkubwa. Wetu figo, wanaiita Wilms, mke wangu ndo aliigundua anamkosha, tumbo upande mmoja gumu. Kila jirani akija anataka kubonyeza, msikubali, daktari alitukataza kabisa uvimbe usije ukapasuka. Kuna dawa nyekundu, mkojo nao ukatoka mwekundu nikapiga kelele nikajua damu, nesi akasema rangi ya dawa tu hiyo. Figo moja ilitolewa, hii iliyobaki inamtosha, mwaka wa tatu huu anacheza mpira.

Khaloo wa Chake: Sisi jicho. Picha ya Idi ya flashi, jicho moja jekundu jengine jeupe kama la paka. Ukiona picha hivyo usingoje hata wiki. Lilitolewa, mtoto yuko hai alhamdulillah.

Mama wa Wete: Alhamdulillah khaloo. Wangu nywele zilipukutika zote, zilivyorudi zimerudi laini za mawimbi. Jana namchana akaniuliza, mama yule wa kwanza alikuwa na nywele hivi? Nikashindwa kusema kwanza, nikamchana mpaka kisogoni. Nikamwambia hivi hivi.