Siku moja Oxford: tuchague makumbusho yapi ya chuo kikuu?

Binti wa Mtwapa
Ndugu zangu, habari za leo. Mwezi ujao nitakwenda Oxford kutoka London pamoja na mwanangu wa miaka 12 na baba yangu, mwalimu mstaafu wa historia ambaye amekuja kututembelea kutoka Mombasa. Tuna siku moja tu, na magoti ya mzee hayamruhusu kusimama muda mrefu. Chuo kikuu kina makumbusho manne makubwa, na yote hayana kiingilio, lakini siku ni ileile moja. Naomba mliokwisha kufika mnilinganishie: yapi mawili tuyape kipaumbele, na yapi tuyaache?

Msafiri wa Ruvuma
Kwa mwalimu wa historia ningeanza na Ashmolean bila kusita. Ilifunguliwa mwaka 1683 kwa mkusanyo ambao Elias Ashmole aliukabidhi chuo, nayo ndiyo makumbusho ya kwanza ya umma nchini Uingereza. Mwonyeshe mzee kito cha Mfalme Alfred cha karne ya 9: ni kidogo hata kinaenea kiganjani, na ubavuni mwake dhahabu imechongwa maneno ya Kiingereza cha kale yenye maana ya “Alfred aliagiza nitengenezwe”. Kitu chenyewe kinasema! Baba yako ataelewa kwa nini nilikaa pale kwa muda mrefu.

Mama Nuru
Kaka, kito hicho kweli ni kizuri, lakini Ashmolean ni kubwa mno, na mtoto atachoka kabla ya saa sita. Mimi naunga mkono Makumbusho ya Historia ya Asili pamoja na Pitt Rivers, kwa sababu mlango wa kuingilia Pitt Rivers uko mwisho wa ukumbi wa ile ya kwanza, hivyo mzee hatatembea barabarani kutoka moja kwenda nyingine. Juu ni paa la kioo, na nguzo zinazozunguka ukumbi kila moja ni ya aina yake ya jiwe la Visiwa vya Uingereza, jina likiwa limeandikwa. Mtoto atapenda taya la Megalosaurus, dinosaria wa kwanza kuelezwa kisayansi, mwaka 1824, na mabaki ya kichwa cha dodo, ndege aliyekwisha kutoweka duniani, ambacho watafiti walikipiga picha za eksirei mwaka 2018 wakakuta chembe za risasi ndani ya fuvu.

Pitt Rivers ni jambo jingine kabisa. Ilianzishwa mwaka 1884, mwanga wake ni hafifu, na vitu havikupangwa kwa nchi bali kwa matumizi: taa na taa, ngoma na ngoma, kufuli na kufuli, vikiwa na vikaratasi vilivyoandikwa kwa mkono, herufi ndogo kama punje za ufuta. Mzee achukue miwani yake. Chini ya makabati kuna droo ambazo mgeni anaruhusiwa kuzivuta mwenyewe. Nawaomba pia msipite haraka penye vitu vya Afrika Mashariki. Mwaka 2018 ujumbe wa Wamaasai kutoka Kenya na Tanzania ulikuja kuvikagua vitu vya kwao, na baadhi walieleza kwamba ni vya kurithishwa ndani ya familia, visivyouzwa wala kutolewa zawadi, jambo linaloacha swali zito kuhusu namna vilivyofika huko. Mtoto wetu anapaswa kulisikia swali hilo akiwa amesimama mbele ya vitu vyenyewe, na babu yake akiwa pembeni.

Mpenda Falaki
Naomba kusahihisha kidogo: jengo lililofunguliwa mwaka 1683 ni lile la Broad Street, ambalo sasa ni Makumbusho ya Historia ya Sayansi, Ashmolean ya leo iko katika jengo la miaka ya 1840. Nashangaa hakuna aliyeitaja hiyo ya Historia ya Sayansi, kwani ni ndogo na saa moja inatosha. Ina mkusanyo mkubwa kuliko wote duniani wa usturlabu, ala za shaba za kupimia nyota na saa, na nyingi zina maandishi ya Kiarabu ambayo mzee wa Mombasa huenda akayasoma mwenyewe. Imo pia ya umbo la tufe, ya karne ya 15, ambayo ndiyo pekee kamili inayojulikana. Ubao ambao Einstein aliandika hesabu zake mwaka 1931 umehifadhiwa humohumo, chaki haijafutwa. Tazama kwanza saa za kufungua, kwa sababu hufunguliwa mchana.

Binti wa Mtwapa
Ahsanteni sana. Nimemsomea baba majibu yote. Nilipofika kwenye usturlabu alinyanyua mkono nirudie, kisha akauliza kama zinaonyesha kibla. Basi tutaanza na dodo na Pitt Rivers asubuhi, tule chakula cha mchana tukiwa tumeketi vizuri, halafu Broad Street. Ashmolean tunaiacha, Msafiri, uniwie radhi. Ila picha ya kile kito nitamtafutia.

Mpenda Falaki
Mjibu mzee kwamba ndiyo, baadhi zimechorwa mistari ya kibla ya miji mbalimbali. Aangalie upande wa nyuma.