Stima na forodha kwa kongamano la muziki wa elektroniki, Nairobi

Swali: Wakuu, tuna kongamano la siku 3, wageni wanakuja na sinthesaiza zao. Sauti na taa ni kilowati 20. Jenereta ya ukubwa gani?

Jibu: Gawa 20 kwa 0.8 (kipimo-nguvu, power factor, cha kawaida cha jenereta), unapata kVA 25; kVA ndicho kipimo cha ukubwa wa jenereta. Usiibane hadi mwisho. Kodisha kVA 40. Stima ikipotea, jenereta huchukua sekunde kadhaa kushika, na hizo zinatosha kuzima miksa ya dijitali katikati ya onyesho. Weka UPS (betri inayoshikilia stima ikipotea) kwa kompyuta, miksa na rauta. Amplifaya usiziunganishe hapo, zitamaliza betri. Sauti na taa zitenganishwe fezi (kila moja ipate laini yake ya stima), la sivyo dimma, vifaa vya kufifisha taa, zitavuma kwenye spika.

Jibu: Tafadhali someni adapta za wageni wa Marekani mojamoja. Kwetu ni volti 240. Iliyoandikwa 100–240V inataka plagi ya pini tatu tu. Ya 120V pekee itaungua, itafutie transfoma.

Muuliza: Na forodha?

Jibu: Wakala wa forodha aombe uingizaji wa muda (vifaa viingie kisha virudi), kwa dhamana, yaani ahadi ya kulipa ushuru visiporudi. Orodhesha kila kifaa na namba yake ya utambulisho (serial number). Tarakimu moja ikikosewa, dhamana hukwama, haifutwi, vifaa vikitoka.