Watafiti wa afya mwambao wa Ziwa Tanganyika: mnabeba vinyesi vyetu, akili zetu mnatuachia

Wakuu, poleni na majukumu. Naandika nikiwa na hasira, na kabla hamjaniuliza: ndiyo, kwa mtendaji nimeshafika. Kaniambia, "Mzee, wale walishamaliza kazi yao." Kazi YAO.

Mimi ni mvuvi wa dagaa, kijiji cha mwambao kaskazini mwa Kigoma mjini, huku ambako barabara yetu ni maji. Mwaka jana tuliletewa watu wa utafiti wa afya. Vibali walikuwa navyo, sibishi. Walikaa na mwenyekiti chini ya mwembe muda wa kumaliza soda, kesho yake vijana wenye vishikwambi wakaanza kupita nyumba hadi nyumba wakiandika namba milangoni. Kwenye fomu ya ridhaa imeandikwa "utafiti shirikishi" na mimi naitwa "mshiriki". Nilichoshiriki mimi ni kinyesi. Changu na cha wanangu, kwenye mikebe.

Kijana aliyenihoji alikuwa na adabu zake, aliniamkia vizuri. Akauliza, "Mzee, usiku wa kuamkia leo ulilala ndani ya chandarua?" Nikamwambia kijana wangu, usiku wa kuamkia leo sikulala kabisa. Nilikuwa ziwani, nimepiga nchi kavu saa moja asubuhi, unaona hata suruali haijakauka. Akatazama kishikwambi chake. "Naomba unijibu ndiyo au hapana, mzee." Nikarudia yale yale. Akasema jibu langu halina pa kuliweka. Akabonyeza "hapana", akaenda swali linalofuata.

Kwa hiyo huko kwenye karatasi za wasomi mimi sasa ni baba mwenye chandarua asiyetaka kukitumia! Chandarua analalia mke wangu na wadogo. Mimi mbu wananimalizia ufukweni jioni tukisubiri giza liingie, hapo ambapo hakuna mahali pa kutundika chandarua. Hilo hakuna aliyeuliza. Na suala lenyewe si la mzaha: utafiti wa taifa wa malaria wa mwaka 2017 ulikuta Kigoma ndiyo inaongoza nchini, karibu mtoto mmoja kati ya 4 walio chini ya miaka 5 alikutwa na vimelea. Halafu elimu inayokuja baada ya hapo ni bango la "lala kwenye chandarua". Nalala saa ngapi?

Hata siku za kuja walikosea. Mwambao huu kila mtoto anajua mbalamwezi ikikomaa hatuingii majini, taa zetu hazivuti dagaa. Siku hizo wanaume tupo nyumbani tunashona nyavu na kugombana na wake zetu. Mwaka 2024 serikali ilipofunga ziwa Mei 15 hadi Agosti 15, tulikuwepo wote, hata sisi mnaotufuta kwenye orodha. Wao wakaja katikati ya siku za giza, mwezi hakuna, dagaa wamechanganya, nyumba nusu wakaandika "mkuu wa kaya hayupo". Wangeuliza mtu mmoja tu kabla ya kuweka mafuta kwenye boti.

La kichocho ndilo lililoniudhi zaidi.

Walichukua konokono pale boti zinapotia nanga, kwa sababu ndipo waliposhukia. Kina mama hawafulii pale. Wanafulia kule mdomo wa mto, nyuma ya matete, maana kuna mawe na wanaume hawapiti. Watoto wanaogelea huko huko. Mmoja wa wale vijana, tukinywa chai, ndiye aliyenieleza kwamba vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia saa nne hivi mpaka mchana. Nimeishi hapa miaka 50 na kidogo, sikuwahi kuambiwa, na hata siku ile nimeambiwa kwa bahati ya chai.

Nikampelekea mke wangu ile habari. Akacheka. "Baba, asubuhi sisi tupo ufukweni tunagombea dagaa. Tukinunua tunaanika, lazima ziwahi jua. Mpaka saa nne ndiyo mtu anapata mkono wa kufua." Umeona? Yeye kwa sentensi tatu kasema kwa nini kina mama wapo majini saa ile ile mbaya, na kwamba kuwaambia "msifue mchana" ni kupoteza pumzi. Labda dawa ni karo la kufulia juu ya ufukwe, labda ni bomba, sijui, mimi si mtaalamu. Ila jibu lilikuwa jikoni kwangu na hawakuingia jikoni. Bibi jirani yangu, Kiswahili kinampiga chenga, alitafsiriwa kwa Kiha na mtoto wa mwenyekiti. Maswali ya choo na ya hedhi, mbele ya kijana wa watu! Akaweka dole gumba ili waondoke.

Asije mtu hapa kusema tunapinga utafiti. Mwambao huu Mei 2015 tuliona wakimbizi wa Burundi walivyojazana Kagunga, kijiji cha mpakani, na kipindupindu kikawaingia, meli ya Liemba inakwenda na kurudi kuwatoa. Maji yakichafuka tunajua kinachofuata. Ila hata Tamko la Helsinki, lile la madaktari wa dunia, walipolipitia upya Oktoba 2024 waliandika kwamba jamii ishirikishwe kabla, wakati na baada ya utafiti. Kwetu "kabla" ilikuwa soda, "wakati" tuliwabebea maboksi ya barafu, na "baada" haijafika. Mkutano mkuu wa kijiji unakaa kila miezi 3, wamepewa nafasi ipi zaidi ya hiyo ya kuleta mrejesho? Tumepewa kipande cha sabuni kila kaya. Sabuni ya kufulia, tukafulie pale pale.

Sasa kama kuna yeyote humu anawafahamu, au ni mmoja wao, natafuta majibu ya mkebe namba 47. Ni wa binti yangu. Ana miaka 4, dawa za kichocho zinagawiwa shuleni na yeye shule hajaanza. Tumbo bado linamsumbua, na namba yenu bado ipo mlangoni.